Historia ya Kimo cha Sauti katika Lugha ya Kijapani

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno "barabara" katika ukurasa, hana budi kuyatazama maneno yanayolizunguka kabla ya kujua kama limekusudiwa njia ipitwayo na magari au jambo lililofanywa sawasawa bila kasoro. Mdomo hautatiziki hata kidogo, maana njia ni baraBAra, na kufanya sawasawa ni baRAbara. Lakini kalamu huyaandika yote mawili kwa sura moja. Maneno ya namna hii katika Kiswahili ni machache mno, kwa sababu mkazo wake umekaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ila katika maneno machache yaliyotoka ugenini. Katika Kijapani mambo ni kinyume. Huko jozi kama hizo ni nyingi sana, na tofauti yao haitokani na nguvu ya pumzi, bali na kimo cha sauti, yaani kupanda kwake na kushuka kwake. Na juu ya hayo, tofauti hiyo haiandikwi katika maandishi ya kila siku, wala haikupata kuandikwa ila na watu wachache waliokuwa na sababu zao. Historia yake, basi, ni historia ya kitu kilichopita midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu bila ya kugusa wino, ila mara chache.

Yafaa kwanza kueleza jinsi jambo hili lilivyo katika matamshi ya Tokyo, ambayo ndiyo yafundishwayo kwa wageni. Wajapani hulihesabu neno kwa mapigo. Neno "hashi" lina mapigo mawili, ha na shi. Jina la nchi, "Nihon", lina matatu, ni, ho na n. Na "Tōkyō" lina manne, kwa kuwa kila irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Sasa neno "hashi" lina maana tatu. Likitamkwa HAshi, sauti ikianza juu na kushuka, maana yake ni vijiti vya kulia chakula. Likitamkwa haSHI, huweza kuwa daraja, au huweza kuwa ukingo wa kitu, na kwa sikio la mtu anayelisikia peke yake hakuna tofauti. Tofauti hujitokeza pale kijineno kama "ga" kinapofuata. Katika daraja sauti hushuka, haSHI ga. Katika ukingo sauti hubaki juu, haSHI GA. Vivyo hivyo "hana" ni ua au pua, na kijineno kinachofuata ndicho kinachoamua.

Kutokana na mifano hiyo yaonekana kwamba kinacholitambulisha neno ni mahali sauti inaposhuka, wala si kila hatua ya kupanda kwake. Wataalamu wa Kijapani wengine hupaita mahali hapo "taki", yaani maporomoko ya maji, na katika makala hii pataitwa poromoko. Jina lenye mapigo mawili laweza kufuata njia tatu, lenye mapigo matatu njia nne, na lenye manne njia tano. Daima njia huzidi mapigo kwa moja, kwa kuwa poromoko laweza kuwa baada ya pigo lo lote, au lisiwepo kabisa. Jambo hili laonekana jepesi likisha kuelezwa, lakini halikutambuliwa upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanachuoni kama Sakuma Kanae walipima sauti kwa ngazi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, wakaandika kimo cha kila pigo. Ilikuwa mwaka 1927 Miyata Kōichi alipotoa hoja ya kwamba yatosha kuonyesha mahali pa kushuka, na mengine yote yatafuata yenyewe.

Lakini Tokyo si Japani yote, wala haikuwa mji mkuu tangu kale. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wafalme walikaa Kyoto, na matamshi ya huko ni mengine. Vijiti, ambavyo Tokyo ni HAshi, Kyoto ni haSHI. Daraja, ambalo Tokyo ni haSHI, Kyoto ni HAshi. Na ukingo Kyoto ni HASHI, juu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu asiyejua hudhani watu wa miji hiyo wamebadilishana maneno kwa mzaha. Kwa kweli kila upande umerithi kutoka kwa mababu wale wale, ila kila upande umepoteza sehemu yake ya urithi kwa njia yake.

Ushahidi wa wazi wa urithi huo umo katika vitabu vya watawa wa Kibudha. Wachina, ambao Wajapani walijifunza kwao kuandika, walikuwa na desturi ya kutia alama katika pembe za herufi ili kuonyesha toni ya neno. Watawa wa Japani waliichukua desturi hiyo kwa ajili ya kusoma vitabu vya dini, kisha wakaigeuza itumike kwa maneno ya lugha yao wenyewe. Kamusi moja iliyokusanywa mwishoni mwa karne ya 11, iitwayo Ruiju myōgishō, ina maelfu ya maneno ya Kijapani yaliyotiwa nukta za namna hiyo. Nukta iliyo chini upande wa kushoto yaonyesha pigo la chini, na iliyo juu upande wa kushoto yaonyesha pigo la juu. Nukta zikiwa mbili pamoja zilionyesha kwamba sauti ya k isomwe g, au ya t isomwe d. Hizo nukta mbili ndizo zilizokuja kuwa alama mbili ndogo ambazo kila mtoto wa shule nchini Japani hujifunza hata leo. Alama ya herufi ikabaki, na alama ya kimo, iliyokuwa mama yake, ikasahauliwa.

Baada ya watawa alitokea mshairi. Fujiwara no Teika (1162–1241) alikuwa bingwa wa ushairi wa zama zake, na mnakili wa vitabu vya kale asiye na kifani. Katika kazi ya kunakili alikuta tatizo. Zamani kulikuwa na herufi mbili, moja ya sauti o na nyingine ya sauti wo. Lakini katika siku zake sauti hizo mbili zilikuwa zimekwisha changanyika na kuwa moja, hata waandishi wakawa hawajui waandike ipi. Teika alijiwekea kanuni yake na kuishika. Hakueleza msingi wake kwa namna ambayo watu wa baadaye waliweza kuifahamu. Neno "oto", lenye maana ya sauti au mlio, ambalo katika vitabu vya kale kabisa huandikwa kwa o, yeye aliliandika kwa wo.

Mwaka 1381 Mfalme Chōkei, aliyetawala upande wa kusini katika siku ambazo ufalme ulikuwa umegawanyika pande mbili, alimaliza kitabu chake kiitwacho Sengenshō, kamusi ya maneno ya hadithi mashuhuri ya Genji. Mwishoni mwa kitabu hicho aliigusa kanuni ya Teika, na hakuisifu. Alisema kwamba ugawaji ule haukubaliani na toni za maneno, wala haijulikani umejengwa juu ya kitu gani. Lawama hiyo haikuwa ya mtu mjinga. Mfalme alilisikiliza neno lilivyotamkwa katika zama zake, akalinganisha na herufi ya Teika, akaona haviendi pamoja.

Miaka mia tatu baadaye mtawa Keichū (1640–1701) alifanya uchunguzi wa vitabu vya kale kupita vyote alivyotumia Teika, na katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1695 alithibitisha jinsi maneno yalivyoandikwa kabla ya sauti kuchanganyika. Kwa hoja zake, maneno mengi ya Teika yalionekana kuwa makosa. Tangu hapo Teika aliheshimiwa kwa mashairi yake, lakini kwa habari ya herufi alihesabiwa kuwa mtu aliyekisia.

Hukumu hiyo ilikaa mpaka mwaka 1950, alipotokea Ōno Susumu (1919–2008). Yeye aliyachukua maneno ya Teika na kuyaweka kando ya nukta za Ruiju myōgishō. Yakaonekana mambo mawili. Maneno aliyoyaandika Teika kwa wo yalikuwa na nukta ya juu katika pigo la kwanza, na yale aliyoyaandika kwa o yalikuwa na nukta ya chini. Teika hakukisia hata kidogo. Alipokosa tofauti katika sauti ya herufi, aliitafuta katika kimo chake, akaandika kile alichokisikia. Neno "oto" lilianza juu, kwa hiyo likapata wo.

Je, Mfalme Chōkei alikosa? Naye hakukosa. Baina ya siku za Teika na siku zake, na hasa katika karne ya 14, matamshi ya Kyoto yaligeuka mageuzi makubwa. Maneno yaliyokuwa chini tangu mwanzo mpaka mwisho, kama "yama", mlima, na "hana", ua, yaliinua pigo la kwanza, yakawa YAma na HAna. Kwa hiyo maneno mengi ambayo Teika aliyasikia yakianza chini, mfalme aliyasikia yakianza juu. Kila mmoja alikuwa na sikio zuri, na kila mmoja alisema kweli ya zama zake. Lawama ya mfalme, iliyodhaniwa kuwa ushahidi dhidi ya Teika, imekuwa ushahidi wa wakati lugha ilipogeuka.

Hata hivyo vitabu hivyo vyote ni vya mji mkuu na watu wake. Wavuvi na wakulima wa mikoa ya mbali hawakuandikiwa nukta na mtu ye yote, na habari zao zilikuwa hazina budi kutafutwa midomoni mwao. Miongoni mwa wa kwanza kuzitafuta alikuwa Mrusi, Evgeny Polivanov (1891–1938), aliyefika Japani mwaka 1914 na kusikiliza matamshi ya Tokyo, ya Kyoto, ya Tosa katika kisiwa cha Shikoku, na ya kijiji kimoja karibu na Nagasaki. Alitambua kwamba tofauti za lahaja hizo si za ovyo, bali lahaja moja yaweza kulinganishwa na nyingine kwa kanuni. Mwaka 1938 aliuawa na serikali ya nchi yake, na maandishi yake yalikaa muda mrefu bila kusomwa kama yalivyostahili. Wakati huo, nchini Japani, kijana Hattori Shirō (1908–1995) alikuwa amekwisha kuchunguza mpaka uliopo baina ya matamshi ya magharibi na ya mashariki, akauona karibu na mto Ibi unapoelekea baharini. Naye Hirayama Teruo (1909–2005) alizunguka nchi nzima akisikiliza. Mtu huyu alizaliwa Miyakonojō, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, mahali ambapo maneno yote hutamkwa kwa mwendo mmoja, sauti ikipanda katika silabi ya mwisho, na vijiti, daraja na ukingo havitofautiani kamwe.

Aliyeunganisha vitabu na midomo ni Kindaichi Haruhiko (1913–2004). Mwaka 1937 alionyesha kwamba majina ya mapigo mawili yaliyomo katika nukta za watawa yagawanyika katika makundi matano, na kwamba lahaja zote zilizo hai zatokana na makundi hayo. Kundi la kwanza ni kama "hana", pua. La pili kama "hashi", daraja. La tatu kama "yama", mlima. La nne kama "hashi", vijiti. Na la tano kama "ame", mvua. Katika Tokyo kundi la kwanza husimama peke yake, la pili na la tatu yamechanganyika, na la nne na la tano vile vile. Katika Kyoto, la pili na la tatu yalichanganyika kwa sababu ya mageuzi yale ya karne ya 14, lakini la nne na la tano yakabaki mbalimbali. Katika Kagoshima, mwisho wa kusini wa Kyushu, la kwanza na la pili yamekuwa kitu kimoja, na yaliyobaki matatu kitu kimoja. Kwa hiyo Kagoshima, ambayo watu wa mji mkuu waliidhania kuwa pembe ya washamba, yatenga daraja na mlima, jambo lililopotea Tokyo na Kyoto pia.

Kagoshima humvutia msomaji wa Kiswahili kwa sababu nyingine. Huko maneno yana aina mbili tu. Katika aina ya kwanza silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo huwa juu, na kijineno kikiongezwa kimo husogea mbele nacho: pua ni HAna, na ikifuatwa na "ga" ni haNAga. Mwendo huo ni ule ule wa mkazo katika kiTAbu na kitaBUni. Katika aina ya pili silabi ya mwisho ndiyo huwa juu: ua ni haNA, kisha hanaGA.

Tofauti za lahaja huonekana wazi kabisa katika maneno ambatani, pale maneno mawili yanapofanywa moja. Katika Tokyo mwenye amri ni neno la pili. "Tōkyō" halina poromoko, wala "daigaku", chuo kikuu, halina. Lakini yakiunganishwa kuwa Tōkyō-daigaku, poromoko huzaliwa baada ya pigo "da", mwanzoni mwa neno la pili. "Ongaku", muziki, lina poromoko baada ya pigo lake la kwanza. Likiungwa na "gakkō", shule, poromoko hilo hufa na jingine huzaliwa baada ya "ga". Neno la pili likiwa na poromoko lake katikati, kama "monogatari", hadithi, linaloshuka baada ya "ga", hulishika hata ndani ya jina Genji-monogatari. Neno la pili likiwa fupi, mara nyingi poromoko huangukia pigo la mwisho la neno la kwanza: kituo cha treni cha Ueno ni Ueno-eki, na sauti hushuka baada ya "no", mji wa Yokohama ni Yokohama-shi, na sauti hushuka baada ya "ma". Yako pia maneno mafupi yanayofuta poromoko lo lote. Mojawapo ni "go", lugha. "Nihon" hushuka baada ya "ho", lakini "Nihongo", Kijapani, halishuki mahali po pote; na jina la Kiswahili kwa Kijapani, "Suwahirigo", nalo husawazishwa vivyo hivyo.

Katika Kyoto amri imegawanywa. Neno la pili huamua mahali pa kushuka, lakini neno la kwanza huamua kama neno zima litaanza juu au chini. Maneno yaliyojengwa juu ya "kaze", upepo, aghalabu huanza juu kama lenyewe, na yaliyojengwa juu ya "umi", bahari, huanza chini. Kindaichi alionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa hata katika zama za nukta. Katika Kagoshima neno la kwanza huamua yote: "hanaji", damu ya pua, hufuata aina ya pua, na "hanami", kwenda kutazama maua, hufuata aina ya ua. Faida ya kanuni hiyo kwa historia ni kubwa. Mtu akidai kwamba neno fulani la kale limetokana na neno jingine, na nukta zikaonyesha kwamba moja lilianza juu na jingine chini, dai lake huingia shaka. Kimo cha mwanzo wa neno ni kama jina la ukoo, ambalo Kyoto na Kagoshima wamelihifadhi, na Tokyo wameliacha.

Makundi matano ya Kindaichi yalikuwa yamejengwa kwa vitabu na kwa kulinganisha. Katika lahaja zilizokuwa zimechunguzwa mpaka hapo, hapakuwa na hata moja iliyoyatenga yote matano. Ndipo mwaka 1966 Wada Minoru alipotoa habari za Ibuki, kisiwa kidogo cha wavuvi katika bahari iliyo baina ya Shikoku na kisiwa kikuu, mkoani Kagawa, mashuhuri kwa dagaa wake wa kukaushwa. Wazee wa kisiwa hicho walikuwa wakiyatenga makundi yote matano katika mazungumzo yao ya kila siku. Daraja lilikuwa na mwendo wake, na mlima ulikuwa na wake, kama katika kamusi ya watawa, ijapokuwa miendo yenyewe ilikuwa imegeuka. Hawakuwa na nukta wala kitabu, na hawakujua kwamba wamehifadhi kitu ambacho mji mkuu ulikipoteza tangu siku za Mfalme Chōkei.

Zama hizi zimeleta nguvu nyingine. Redio ilianza kutangaza Tokyo mwaka 1925, na shirika la utangazaji NHK likatoa kamusi yake ya kwanza ya matamshi mwaka 1943, ili watangazaji wote waseme namna moja. Kamusi hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na katika toleo la mwaka 2016 ilianza kuandika mahali pa kushuka tu, kwa njia inayopatana na hoja ya Miyata ya mwaka 1927. Lakini kamusi nayo huwafuata watu. "Kuma", dubu, ambaye kwa kanuni ya zamani ya Tokyo sauti ilishuka baada ya pigo lake la pili, watu wengi sasa humtamka KUma, na toleo hilo la 2016 limekubali. Katika Kyoto na Osaka vijana wengi wameanza kuchanganya kundi la nne na la tano. Na Ibuki, ambako katikati ya karne ya 20 wakazi walihesabiwa kwa maelfu, leo hawafiki elfu moja, na wengi wao ni wazee. Watoto wao wanaoishi katika miji ya bara husema kama majirani zao wanavyosema.

Kugeuka kwa lugha si msiba, maana Kyoto yenyewe iligeuka na ikaendelea kutunga mashairi. Hasara ni lugha kugeuka bila shahidi. Teika alihukumiwa kwa miaka mia kadhaa kwa sababu kile alichokisikia hakikusikika tena, na kama watawa wasingalitia nukta katika kamusi yao, asingalipata wa kumtetea. Watafiti wamekwenda Ibuki na vyombo vya kunasa sauti, na sauti za baadhi ya wazee zimehifadhiwa. Atakayezisikiliza baada ya miaka mia ataweza kusikia daraja na mlima vikitengana katika kinywa cha mvuvi, jambo ambalo Ōno aliweza kulijua kwa nukta za kitabuni peke yake.